Kitabu Chekundu cha Fimbo

Ijumaa, saa kumi za mchana, Papa Salomon, shefu wa avenue yetu, yaani mkuu wa mtaa, aliingia uani kwangu na habari mbili. Ya kwanza: betri tatu za taa zake za kuvulia ndagala, wale samaki wadogo, zimeibwa kwenye boti. Ya pili: mwizi ameshapatikana, na kesho Jumamosi, watu wakimaliza salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, atalazwa kwenye benchi na kuchapwa fimbo ishirini na tano.

"Mwizi mwenyewe nani?" nikamuuliza.

"Edouard."

"Edouard wa kuchaji betri? Yule wa kibanda cha paneli za jua?"

"Njo ule. Nani mwingine anashika betri za watu asubuhi mpaka mangaribi?"

"Na nani alimuona?"

"Papa Valère, hatukuja kwako kuulizwa nani alimuona. Tumekuja kukuambia kesho ulete kitabu. Utatusomea artikle, kifungu cha fimbo, tufanye kazi kwa sheria. Sitaki kesho muntu aseme Salomon alipiga mutoto wa watu bure."

Alikuwa peke yake, lakini shefu akikasirika anakuwa wengi.

Nikamwambia sawa. Hiyo ndiyo shida ya kuwa na miaka sabini na mbili. "Sawa" inatoka mdomoni kabla hujaitafuta. Magoti yanauma, miaka hii ziwa limepanda mpaka limekula avenue mbili zilizokuwa mbele yetu, unyevu unapanda ukutani kama mdai anayetafuta mlango, na mtu akikuomba kitu unakubali ili aondoke ukae chini. Nilijiambia: nitafungua kitabu kama siku zote, nitasoma kitu chepesi, Edouard atalima mfereji siku tatu, yataisha.

Sasa ngoja nieleze kitabu hicho, maana ndicho kilicholeta matatizo yote. Au mimi ndiye niliyeyaleta. Kitabu chenyewe kilikuwa kimenyamaza.

Nilifanya kazi stesheni ya reli ya hapa Kalemie miaka thelathini na mmoja, nikiandika namba za mabehewa yanayotoka Kabalo. Shule niliishia mwaka wa nne wa primeri. Mengine nilijifundisha mwenyewe. Siku moja, bado kijana, nilitumwa na wenzangu kuhamisha vitu katika nyumba ya mzungu mmoja aliyekuwa ameondoka, jaji wa zamani, na chini ya ngazi nikakuta kitabu kinene chenye ngozi nyekundu na maandishi ya dhahabu. Wenzangu walichukua viti na sufuria. Mimi nikabeba kitabu, kwa sababu ya ile dhahabu. Nilifikiri inabanduka.

Haikubanduka. Basi nikanunua kamusi nikaanza kukisoma. Kwa hiyo Kifaransa changu cha kwanza kilikuwa cha mapigo. Nilijua kusema "mjeledi wenye mikia tisa" kabla sijajua kusema "jioni njema, Mama". Kitabu kilichapwa mwaka 1868. Jina la mwandishi mchwa walishalila. Habari yake ni moja tu, kurasa mia tano na kumi na mbili: jinsi watu wa kila nchi walivyochapa watu wengine. Wanafunzi, mabaharia, watumwa, watawa, askari, wake wa watu. Na picha zake, zimechorwa vizuri kabisa, kila kidole kinaonekana. Nilikisoma chote mara mbili. Mara ya tatu sikuweza, nikakiweka juu ya kabati.

Kilishuka miaka kumi na tisa iliyopita, kwa ajili ya kelele. Mama Denise, jirani yangu wa kushoto, alikuwa amegombana na watu juu ya kipande cha uwanja wake, mita mbili tu, ambapo kila mtu alipita kwenda bombani. Aliziba. Watu wakazibua. Akaziba tena, wakaja kupigana chini ya dirisha langu, saa ya kupumzika. Nikatoka na kitabu mkononi, nikakifungua mbele yao, nikavaa miwani, nikasema: "Artikle ya mia mbili na nne: mwenye uwanja ulio katikati ya watu na maji, awaachie mita mbili, naye atachota wa kwanza kila asubuhi." Mahali nilipokuwa nikitazama paliandikwa jinsi ya kuloweka fito za mti kwenye chumvi kabla ya kumchapa mwanafunzi.

Nilitegemea watacheka. Mimi ni mtu wa kuchekesha, kila mtu anajua. Ni mimi niliyesimulia kwamba yai lililopakiwa Kabalo mwaka wa mvua kubwa lilifika Kalemie likiwa kuku, na kuku akadaiwa tiketi. Lakini siku ile hawakucheka. Waliona ngozi nyekundu, waliona dhahabu, waliona Kifaransa, na wote walijua kimetoka kwa jaji. Kwetu, kitabu kinene cha Kifaransa kilichotoka kwa jaji ni sheria tu, kitakuwa nini kingine? Mama Denise akainamisha kichwa. Njia ikafunguliwa.

Tangu hapo naitwa Papa Artikle. Waliokosana walikuja. Mwanaume aliyemfukuza mke wake bila sababu, artikle ilimwambia abebe maji ya nyumba wiki mbili, na yeye mwenyewe akaona ni vizuri akaendelea. Waliopigania jogoo, artikle iliwaambia wamle pamoja. Nilikuwa nachukua kitabu cha fimbo nakigeuza kuwa kitabu cha maji na jogoo. Nilijiona mjanja sana.

Jioni ile ya Ijumaa, mke wangu Arlette alikuwa anachagua mchele. Yeye anajua siri tangu mwanzo.

"Utasoma nini kesho?" akaniuliza.

"Artikle ya mfereji."

"Salomon hataki mfereji. Ameshakata mukanda wa tairi, nimeuona umening'inia mlangoni kwake. Ni mrefu hivi." Akaonyesha kwa mikono yote miwili, mchele ukamwagika.

"Ataheshimu kitabu. Miaka kumi na tisa wanakiheshimu."

"Valère, siku watu wataheshimu kile kilichoandikwa humo kweli, utafanya nini?"

Nilimsaidia kuokota mchele.

Asubuhi tulifanya salongo kama kawaida. Wenye majembe walizibua mitaro, wenye mafagio walifagia, mimi nilisimama na reki nikiiegemea. Saa nne ikalia kengele. Watu hawakutawanyika. Wawili walikwenda kanisani wakaleta benchi, moja ya zile ndefu za wanakwaya, wakaiweka chini katikati ya barabara. Nilipoona benchi ya kanisa nje, juani, peke yake, nikaweka reki nikaenda kuchukua kitabu.

Edouard alikuja mwenyewe. Hakuna aliyemshika. Ni kijana wa miaka thelathini, mwembamba, mashati yake yote yana matundu ya asidi ya betri. Alisimama karibu na benchi kama mtu anayesubiri zamu kwenye hospitali.

"Papa Artikle," akaniambia kwa sauti ya chini, "sikuchukua kitu. Naapa. Lakini weye soma vile iko. Nitakubali kile kitabu kitasema."

Bora angenitukana.

Papa Salomon akapiga mikono watu wanyamaze. Mukanda alikuwa ameuzungusha shingoni kama taulo. Pembeni yake alisimama kijana mwenye kalamu mfukoni.

"Huyu ni Mwalimu Chadrack," akasema. "Ametoka Lubumbashi, amepangwa kwenye sekondari yetu. Kifaransa chake ni cha diplomi. Nimemuita asaidie macho ya Papa Artikle, maana Papa amezeeka."

"Macho yangu ni mazima, Shefu," nikasema.

"Mazima, ndiyo. Soma basi."

Nikafungua. Nikasoma kwa sauti ya mahakama: "Artikle ya mia tatu na kumi na moja. Anayeshitakiwa wizi bila shahidi, asiguswe mwili. Atalima mfereji siku tatu, na aliyemshitaki atampelekea chakula."

Watu wakanung'unika kidogo, wengine kwa kuridhika. Chakula kiliwafurahisha. Edouard akashusha mabega. Nilikuwa nafunga kitabu, Salomon akanyoosha mkono.

"Lete Mwalimu aone na yeye."

Chadrack alikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anavyopaswa mtoto aliyelelewa. Hakuwa na ubaya. Alikifungua tu, na kitabu cha zamani kina tabia zake: kinafunguka pale kilipozoea kufunguliwa. Kilifunguka penye picha kubwa. Mtu amelazwa kifudifudi kwenye benchi, wawili wamemshika mikono na miguu, wa tatu ameinua mjeledi, na wa nne amekaa kwenye kiti na daftari, anahesabu.

Chadrack akataka kukifunga. Salomon akamuwahi. Alikipokonya akakiinua juu, akazunguka nacho.

"Muone! Muone wenyewe! Iko benchi, iko mukanda, iko na wa kuhesabu! Ata benchi ni kama hii!"

Wakakusanyika. Kurasa zikageuzwa, na kila baada ya kurasa ishirini, picha nyingine. Benchi, mti, nguzo, ngazi. Nikasikia sauti zikibadilika.

"Kumbe sheria yote ni fimbo!"

"Papa Artikle alikuwa anatuficha!"

"Alikuwa anatuhurumia, mzee wa watu."

"Alikuwa anaharibu sheria, weye unaita huruma?"

Nilikuwa nimewafundisha miaka kumi na tisa kwamba kitabu hiki hakikosei. Sasa wamekifungua, na kinasema kinachosema. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama ni sheria. Waliuliza tu fimbo ni ngapi.

"Ishirini na tano," akasema Salomon. "Edouard, lala."

Na Edouard akaanza kuvua shati. Alilifungua kifungo kimoja kimoja, akalikunja vizuri, akatafuta pa kuliweka, akaliweka kwenye ncha ya benchi. Nilitazama mgongo wake. Ulikuwa laini kama wa mtoto.

"Ngoja," nikasema. "Hii si sheria."

"Nini?"

"Kitabu si cha sheria. Hakijawahi kuwa. Ni kitabu cha mtu tu, aliyeandika habari za fimbo za nchi za mbali, zamani sana. Artikle zote nilizisema mwenyewe, kutoka kichwani. Ya jogoo, ya maji, zote. Ni uongo wangu."

Halafu, ndugu zangu, wakacheka. Walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye benchi.

"Papa Artikle! Na kuku alilipa tiketi?"

"Tusimulie na ule mamba aliyevuta behewa, Papa!"

Nimesema uongo mwingi katika maisha yangu, wote ukapokelewa kwa mikono miwili. Ukweli mmoja niliuleta siku ile, haukupata hata pa kukaa. Uchovu ulinishika, uchovu wa kweli, ule unaoanzia kwenye nyayo. Ningeweza kwenda nyumbani. Nafikiri nilipiga hatua moja kuelekea nyumbani. Lakini Edouard alikuwa ameshapiga goti, anajipanga kulala.

"Mwalimu," nikasema, "wewe hujawahi kusikia hadithi zangu, huna sababu ya kucheka. Soma ukurasa wa kwanza. Soma kwa Kiswahili, neno kwa neno. Kama nimedanganya, nilazwe mimi."

Chadrack akamtazama Shefu. Shefu akainua mabega: soma. Akarudi mwanzo, akasoma polepole, akitafuta maneno.

"'Adhabu za mwili, tangu watu wa kale hadi siku zetu. Kimekusanywa... kimekusanywa kwa starehe ya wasomaji wenye udadisi.'"

"Starehe njo nini hapo?" mama mmoja akauliza.

"Kujifurahisha, Mama. Kama vile unasoma upate raha."

"Raha ya nini? Ya huyu anayechapwa?"

Chadrack akafungua orodha ya sura mwishoni, akaisoma yote: fimbo za Warumi, fimbo za majeshi ya nchi za baridi kali, fimbo za meli, fimbo za shule, fimbo za nyumba za watawa. Ilichukua muda. Jua lilikuwa kali, watu wakaanza kubadilisha miguu. Akafunga. "Hakuna artikle," akasema. "Hata moja. Hata neno Kongo halimo. Hii si sheria, Shefu. Papa amesema ukweli."

Hakuna aliyecheka tena.

Basi nikaona nimalizie, maana nilikuwa nimeshaharibikiwa. Nikawaambia kwamba baba yangu alibeba mizigo bandarini, na asubuhi moja alichelewa, akalazwa akapigwa fimbo nane za ngozi ya kiboko, na karani wa hapa hapa Kalemie, mtu mweusi kama sisi, akahesabu. Baba hakuwahi kulala chali tena mpaka tulipomzika. Nilisema hivyo tu. Ni hadithi ambayo sijawahi kuipamba, nimeshindwa. Sijui hata kama walisikiliza.

Ningependa kusema ni hadithi hiyo iliyomwokoa Edouard. Ningekuwa kwenye mambo yangu ya kawaida ningesema watu walilia, na Papa Salomon akatupa mukanda ziwani ukageuka nyoka ukaogelea mpaka Kigoma. Haikuwa hivyo. Aliyemwokoa ni Mama Denise.

"Ngoja kwanza," akasema, akipenya katikati ya watu na fagio lake. "Artikle ya mia mbili na nne. Ile ya njia yangu."

"Mama Denise..."

"Na yenyewe ilitoka kichwani mwako?"

"Ilitoka kichwani, Mama."

"Miaka kumi na tisa!" Fagio likapanda. "Miaka kumi na tisa munapita ndani ya uwanja wangu, munakanyaga mboga zangu za lengalenga, munasema sheria, sheria! Kumbe ni Valère alitaka kulala mchana!"

Na hapo kila mtu akakumbuka ya kwake. Mwenye jogoo akakumbuka jogoo. Yule wa kubeba maji akapiga kelele kwamba wiki mbili zimekuwa miaka sita, na mke wake akamjibu kwa sauti kubwa zaidi kwamba ni yeye aliyependa. Mmoja alitaka bustani yake, mwingine alitaka nilaaniwe kanisani. Walinizunguka wote, wananisukuma kwa vidole, na kwa kweli kama kuna siku nilikaribia kulala kwenye ile benchi ni siku hiyo. Lakini nilipochungulia kati ya mabega yao, niliona benchi ni tupu. Edouard alikuwa amesimama pembeni, anavaa shati. Papa Salomon alibaki peke yake barabarani na mukanda shingoni, anatafuta mtu wa kumsikiliza, hampati. Baadaye mzee wa kanisa akaja akabeba benchi yake, akilalamika kwamba imeingia vumbi.

Kesi ya betri Salomon aliipeleka polisi. Wakaandika karatasi. Mpaka leo hatujui nani aliziiba, na huenda hatutajua.

Mama Denise aliziba njia siku ile ile kwa mabati na miiba. Sasa bombani tunazunguka kwa barabara ya juu, na mwenye kubeba madumu ni mimi, Arlette aliamua hivyo bila kitabu. Wengine hawanisalimu. Wengine wananisalimu kwa jina langu, Papa Valère, na hilo linaniuma zaidi. Kitabu nilimpa Chadrack. Alitaka kukirudisha baada ya wiki, nikamwambia akae nacho. Nimekibeba kutosha.

Jumatatu ya pili Edouard alikuja. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Papa, hawaleti tena betri," akasema. "Tangu ile siku. Wanapita mbele ya kibanda wanaenda mpaka soko. Hawaniiti mwizi. Wanapita tu."

"Mgongo wako je?"

"Mgongo uko sawa, Papa." Akatazama chini. "Hauwezi kuwatafutia kitu? Artikle moja tu. Ya kusema sikuiba."

Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania.

"Edouard, mwanangu, hawataiamini. Hata wewe hutaiamini."

"Miye nitaiamini."

Nikaingia ndani, nikatoa radio yangu, ambayo betri yake ilikuwa imejaa kabisa, nikavaa viatu. Tulitembea mpaka kibandani, polepole kwa ajili ya magoti. Edouard akachomeka radio, taa ya kijani ikawaka saa ile ile kuonyesha imejaa, akaiona. Akanisogezea kigoda nje, upande wa barabara, mahali ambapo kila anayekwenda sokoni lazima anione.

Nikakaa. Watu walipita. Mama mmoja aliyebeba beseni la ndagala akapunguza mwendo.

"Papa Valère, unafanya nini hapa?"

"Nachaji radio."

"Kwa Edouard?"

"Kwa Edouard."

Alisubiri niongeze kitu. Akasimama pale kidogo, beseni likidondosha maji begani kwake, kisha akaendelea na njia yake. Kesho yake nilirudi.